Mdundo wa Kumvusha Mama Kizingiti

Mtwara, 2 Machi 1969

Kwa mdogo wangu Siwema,

Nakusalimu wewe, namsalimu Mama, nawasalimu majirani wote, hata yule Chamima mwenye mdomo, na mbuzi wake pia kama askari wa Kireno hawajamla bado. Mimi mzima, tena mzima kupita kiasi. Huku Mtwara wananijua. Ukishuka bandarini ukauliza Pazi wa Palma, hata paka watakuonyesha njia. Naendesha lori, Siwema. Mwezi uliopita nimefika Lindi, nimefika Nachingwea, nimelala Dar es Salaam katika nyumba yenye bomba ndani, unazungusha tu, maji yanakuja kama yamekusikia. Nimekunywa chai na Mgiriki. Huyo Mgiriki mimi ndiye niliyemfundisha kula muhogo kwa papa mkavu, sasa hataki kitu kingine.

Basi neno lenyewe. Zainabo, huyu anayevusha kanga na barua zetu ndani ya kanga, ameniambia mambo mawili huku akinywa uji wangu. La kwanza, kwamba mkono wa kulia wa Mama unatetemeka na hawezi tena kuinuka kwenye kigoda mwenyewe. La pili, kwamba kuna mwanamume aitwaye Cândido anakuja nyumbani jioni na kupiga tari. Nikamwuliza, tari lipi? Akasema, lile la kwenye msumari.

Siwema. Msumari ule niliupigilia mimi. Ngozi ile niliiwamba mimi, ya beberu niliyemchagua mwenyewe marehemu Baba akishuhudia. Miaka mitano sijakaa hapo, lakini sijafa. Ni nani huyo? Katoka wapi? Na anaanza kwa mkono upi?

Nijibu kwanza habari ya Mama. Halafu ya mkono.

Kaka yako,
Pazi


Palma, 11 Aprili 1969

Kaka Pazi,

Shikamoo. Barua yako imefika ina harufu ya dizeli na harufu ya uongo kidogo. Zainabo anasema dereva wa lori hilo ni mtu mwingine, mnene, na wewe unakaa nyuma juu ya magunia. Mimi nakuamini wewe, ila Zainabo ana macho.

Sisi tupo. Mvua imenyesha vizuri. Mnazi wa uani umeangukia upande wa Chamima, naye amekula nazi zote na kusema ni Mungu aliyempa. Askari ni wengi kuliko ulivyowaacha.

Mama. Sikukuandikia mapema kwa sababu kila barua yako umekunywa chai na mtu, nikaona nisikutilie chumvi kwenye chai. Ulianza mkono, kidole gumba na cha shahada vinasuguana tu kama mtu anayeviringisha kidonge. Halafu mwendo ukawa mfupi. Halafu uso ukaganda. Akifurahi, uso hausemi. Chamima anapita anasema Bi Biubwa siku hizi ana kiburi. Wewe unamkumbuka alivyoongoza ngoma ya tufo, akina mama thelathini wamepiga magoti mstari mmoja, yeye anainuka kutoka magotini bila kugusa chini. Leo paja lake nikilishika kwa viganja viwili, vidole vinakutana na kupitana. Ile bangili ya fedha iliyokuwa haitoki bila sabuni, akiinua mkono inateremka mpaka kwenye kiwiko.

Kosa ni langu, nami nalisema kabla hujaambiwa na Zainabo. Mganga alisema kuna jini mkononi, na jini huyo anapenda ngoma, basi nyumba isisikike hata kijiko kikigonga sufuria. Aliyelitoa tari lako msumarini ni mimi, nikalitia guniani. Na majirani wakanipa lao, kwamba mama mgonjwa hagusi kazi, binti mwenye adabu humaliza kila kitu kabla mama hajanyoosha mkono. Basi nikawa na adabu. Nikamlisha, nikamwogesha, nikamfunga kanga, nikamtawadhisha. Mwaka mzima hakuinua hata kikombe. Nilidhani namheshimu.

Cândido ni mtu wa Mute. Kijiji chao kilihamishwa na askari wakaletwa kukaa hapa. Ni servente katika posto ya afya, anafagia na kuchemsha sindano. Alikuja kunifunga kidonda cha mguu, akamwona Mama anajaribu kuinuka, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikimbia kumwinua. Yeye akasema, "Mwache, dada." Akachukua mchi akagonga ukingo wa kinu, pole pole, kama anahesabu. Mama akasimama. Nilimtukana kwanza, halafu nikalia, halafu nikalitoa tari guniani.

Akimpigia, Mama anasimama na kutembea mpaka mlangoni. Mlangoni miguu inaganda. Kizingiti chetu unakijua, hakifiki hata kifundo cha mguu, lakini kwake ni ukuta. Amesema neno moja tu: "Huo si wa kuingilia." Nadhani anataka ule mdundo wa kuingilia uwanjani, uliokuwa ukimpigia wewe. Mimi siujui, na wapigaji wenzako wote wameshatawanyika. Tuandikie.

Anaanza kwa mkono wa kushoto.

Siwema


Mtwara, 24 Mei 1969

Mdogo wangu Siwema,

Wa kushoto! Nilijua. Nilimwambia dereva wangu, yaani utingo wangu, nikasema, huyo lazima ni wa kushoto. Hao watu wa Mute wanapiga tari kama wanafukuza kuku shambani. Salamu kwenu nyote, na kwa huyo pia, salamu ndogo.

Mimi mzima. Nimenunua viatu vyenye kisigino, nikipita wanadhani ni mtu wa serikali.

Sasa sikiliza, maana hili si mzaha. Nimeingia hospitali hapa, nimepanga foleni na wajawazito, nikamwona daktari mmoja, Mzungu mrefu anayeongea Kiswahili kama anakitafuna. Nikamweleza kidole gumba, mwendo mfupi, uso. Hakuniacha nimalize. Akasema ni ugonjwa wa Pakinsoni. Nimemwambia aandike, karatasi nimeitia humu. Si jini, Siwema, ni ubongo ndio unachelewa kutuma habari kwenye viungo. Akasema dawa mpya imeanza kutajwa huko Ulaya, huku kwetu haijafika. Nikamwambia mimi nina marafiki Wagiriki. Akacheka.

Halafu akasema hivi, nami nimeyashika kama sala. Kutetemeka kunasumbua, lakini kinachomlaza mgonjwa mapema ni misuli kwisha. Mwili usipotumia nyama yake, unaila. Basi asimame na kukaa, asimame na kukaa, mara tano asubuhi na mara tano jioni, mkiongeza kidogo kidogo. Kiti kiwe kirefu, si kigoda. Asogee ukingoni, avute visigino nyuma, ainamishe kifua mbele, ndipo anyanyuke. Ale mayai, samaki, kunde, asishibishwe uji mtupu. Na kila anachoweza kufanya mwenyewe akifanye, hata akichukua asubuhi nzima kufunga kanga moja. Nikamwuliza na ngoma je? Akaweka kalamu chini. Akasema wapo wagonjwa wanaotembea wakisikia mwendo wa muziki, hata yeye hajui kwa nini.

Mimi najua kwa nini. Ni damu yake, na mpigaji wake ni mimi. Tangu nina miaka tisa nampigia. Mdundo wa kuingilia haukuandikwa popote, uko katika mikono hii miwili tu, nao nitampigia mwenyewe siku nitakayorudi. Vita hivi vya kuwatoa Wareno haviwezi kuwa virefu. Mwambie servente aendelee na kinu chake. Tari alirudishe msumarini.

Ni mimi,
Pazi


Palma, 9 Julai 1969

Kaka Pazi,

Shikamoo. Maulidi yamepita bila tufo, askari hawataki watu wakusanyike. Kidonda changu kimepona.

Karatasi ya daktari tumeifuata. Cândido ametengeneza kiti cha miti, kirefu, chenye mikono. Siku ya kwanza Mama alisimama mara mbili akasema tunamuua. Sasa ni mara kumi na mbili. Anahesabu kwa sauti, na akifika nane anadai ni tisa. Anakula kwa mkono wake. Nusu inaanguka, kuku wa Chamima wamenenepa, lakini anakula. Kanga anafunga mwenyewe, adhuhuri tunakuwa tayari kwa asubuhi. Juzi nilinyoosha mkono kumsaidia, akanipiga kofi. Lilikuwa kofi lenye nguvu, Kaka. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Lakini kuna jambo. Tarehe ishirini na sita ya mwezi uliopita asubuhi ulikuja msako. Siku hizi wanapuliza filimbi, kila mtu anatoka na kadeneta yake mkononi, kile kitambulisho cha Wareno, tunasimama kiwanjani tunaitwa majina. Anayebaki ndani wanasema amejificha, au anaficha mtu. Mama alisimama vizuri, akafika mlangoni, akaganda. Mimi nyuma yake siwezi kupita. Askari akamwambia atoke, mara ya kwanza, mara ya pili. Yule askari anatazama ule uso, anaona mwanamke anamdharau. Akamvuta. Mama akaanguka kifudifudi nje. Cândido alikuwa jirani, akaja mbio akisema kwa Kireno kwamba ni ugonjwa, "Doente, senhor, doente," akapokea yeye teke lililokuwa la Mama. Halafu akambeba mgongoni mpaka kiwanjani. Baadaye aliniambia, "Siwema, mama yenu ni mwepesi kuliko ndoo ya maji ya posto."

Cândido hayupo kila asubuhi, ana kazi yake. Filimbi haitamngojea. Nataka mdundo ambao hata mimi naweza kuugonga, Mama avuke kile kipande cha mti kwa miguu yake kabla hajavutwa tena. Nakuomba mara ya pili.

Cândido anakuja kila siku. Kwa ajili ya Mama.

Siwema


Mtwara, 28 Agosti 1969

Siwema,

Salamu. Mimi mzima.

Alimbeba? Mgongoni? Huyo?

Nilipokuwa na surua, Mama alinibeba mgongoni kutoka Palma mpaka Quionga kwa miguu kwenda kwa mjomba, nami nilikuwa mkubwa hata miguu inaburura. Watu walimcheka njiani. Deni la mgongo ule ni langu mimi, si la mtu wa Mute ambaye hata jina lake lazima ukunje ulimi kulitaja. Leo unaniandikia yeye katengeneza kiti, yeye kapokea teke, yeye kajua uzito wa mama yangu. Mimi sijui uzito wa mama yangu! Unanibakishia nini? Mdundo mmoja. Nao unautaka.

Na usidhani sijui kusoma. "Kwa ajili ya Mama." Hata Mgiriki angeielewa.

Mpakizeni Mama mashua ya Zainabo mniletee huku. Nitambeba mimi.

Pazi


Mtwara, 2 Novemba 1969

Siwema, mdogo wangu,

Nakusalimu kwa mara ya tatu bila jibu. Zainabo amekuja Septemba mikono mitupu, amekuja Oktoba mikono mitupu. Nikamwuliza, mdogo wangu anaumwa? Akasema hapana, mzima kabisa. Nikamwuliza, hakukupa hata neno la mdomo? Akasema, "Amenipa. Amesema mwambie Kaka kwamba mlango uko palepale."

Siku tatu nimekaa na neno hilo juu ya magunia. Ndiyo, juu ya magunia. Mimi ni utingo, Siwema. Nafungua turubai na kufunga turubai, na gari likikwama natia gogo chini ya gurudumu. Mgiriki nilimmiminia chai, sikunywa naye. Bomba ni kweli.

Tena nitasema jingine ambalo sijalisema kwa mtu. Asubuhi niliyoondoka mwaka wa sitini na nne Mama alikuwa ndani anasuka ukili. Nilisikia polisi wa Kireno wamelitaja jina langu kati ya watakaokamatwa, nikapita uani mbio. Sikuingia kumuaga, niliogopa nikimwona sitaondoka. Basi kila mtu anayekaa karibu na Mama namwonea wivu, hata wewe, hata kuku wa Chamima. Cândido nilimwonea zaidi kwa sababu yeye alipokea teke, mimi nilipita uani.

Chukua mdundo huu. Umsomee na Cândido, mjifunze wote wawili. Du ni katikati ya ngozi, ta ni ukingoni.

Du, du, ta-ta, du. Kimya. Ta-du!

Hapo kwenye kimya ndipo mguu unapoinuka, na kwenye ta-du unatua. Bila kimya hakuna kuingia. Kimya chenyewe ni cha kumeza mate mara moja, basi. Rudieni mara saba. Ukikosa tari, gonga hata ubao wa mlango. Mkono wa kushoto pia unafaa, nimejaribu juu ya debe.

Kuhusu lile usilolisema. Baba hayupo, mimi ndiye walii wako, na mwalimu wa msikitini hawezi kufunga ndoa bila neno langu. Neno langu ni hili, muonyeshe. Akikubali kuingia dini, mimi Pazi nimemwoza Cândido dada yangu Siwema kwa mahari mtakayopatana wenyewe, na namwomba mwalimu asimame mahali pangu. Tari ni lake, ila asilitundike uso ukitazama jua, ngozi itapasuka.

Kariri mdundo, halafu choma karatasi hii, askari wasije wakaikuta. Ya ndoa ikate ubaki nayo.

Shemeji yake huyo, na kaka yako,
Pazi


Palma, 17 Desemba 1969

Kaka Pazi,

Shikamoo, na Idi njema japo imepita. Tulikula wali wa nazi, Mama alikula sahani mbili. Chamima alileta mkia wa yule mbuzi kama zawadi, mbuzi mwenyewe hatukuuliza. Kwa kunyamaza kwangu nisamehe. Kila nilichoandika kilikuwa tusi, nikawa nakichoma.

Cândido amesilimu siku kumi kabla ya Ramadhani kwisha, anaitwa Issufo, ila Mama anaendelea kumwita Cândido kwa sababu anasema ameshachoka kujifunza. Tumeoana juzi. Mwalimu alisimama mahali pako na kukohoa sana. Kipande chako cha ndoa kilisomwa mbele za watu, pale pa Mgiriki nilipachoma na mengine.

Sasa neno lenyewe.

Mdundo wako tuliukariri, karatasi tukaichoma. Cândido alijifunza siku mbili, mimi wiki. Lakini hatukumpigia Mama mlangoni. Tuliogopa ukishindwa hapo, hakutakuwa na mwingine. Basi tukawa tunajifunza shambani, yeye kwenye tari, mimi kwenye jembe. Kwa Mama tuliendelea na kiti. Amefika mara ishirini. Anahesabu ishirini na mbili.

Tarehe kumi na tatu, saa mbili asubuhi, filimbi. Cândido alikuwa posto. Mama akasogea ukingoni mwa kiti, akavuta visigino, akainama, akanyanyuka mwenyewe. Nikampa kadeneta yake. Tukatembea mpaka mlangoni. Akaganda.

Askari walikuwa wanatoka kwa Chamima, wawili, mmoja ni yuleyule. Niliwaona juu ya bega la Mama. Nikasema, "Mama, inua." Akasema, "Nainua." Miguu haikwenda. Mkono wake wa kulia ukaanza, kadeneta ikawa inapigapiga kifua chake.

Nikakunja ngumi nikagonga ubao wa mlango. Du, du, ta-ta, du. Kimya cha kumeza mate. Ta-du. Hakuna. Nikarudia. Hakuna. Mara ya tatu Mama akageuza kichwa, kidogo, akanitazama kwa pembe ya jicho. Kaka, unalijua jicho lile. Ndilo alilokuwa akikutazama nalo katikati ya uwanja, akina mama wote wamepiga magoti, wewe umeukata ule kimya kabla hawajamaliza kuvuta pumzi. Miaka yote alikuambia ni kimya cha pumzi. Wewe umeniandikia cha kumeza mate, nami nimegonga kama ulivyoandika.

Uso haukusogea, siku hizi hausogei. Lakini sauti ilitoka. Akasema:

"Pazi huyo. Bado anawahi."

Akavuta pumzi yake mwenyewe, ndefu, hakunisubiri mimi wala wewe. Akainua mguu juu kama anavuka mto, akautua nje. Halafu wa pili. Yule askari alifika akakuta tumeshatoka, akatazama kadeneta, akapita ndani kutafuta mtu asiyekuwepo.

Kiwanjani tulisimama mpaka jua likawa kali. Chamima aliketi chini akapigiwa kelele. Mama hakuketi. Walipoita Biubwa, akaitika.

Cândido alipotoka kazini nilimweleza yote. Akataka kulirekebisha kosa, aweke kimya cha pumzi kama inavyotakiwa. Mama akamkataza. Anataka upigwe hivyo hivyo, ukiwahi, mpaka wewe mwenyewe utakaporudi, aje akugombeze.

Tari liko msumarini kwako, limetazama ukuta.

Mdogo wako,
Siwema